Paipu ya Sita

Wacha nianze na sheria, kwa sababu watu wa Kyuso wananisema vibaya na sheria yenyewe hawaijui. Bendi ya paipu, zile za mfuko wa ngozi unaominywa kwapani, haiingii uwanjani ikiwa na wapigaji chini ya sita. Uje na watano, hata wawe malaika, jaji anakurudisha ulikotoka. Ngoma ziwe tatu, ziwe nne, hiyo hawajali. Paipu ni sita. Sheria hiyo sikuiandika mimi, na kama ningeiandika mimi, Musyimi angebaki kwao akilima ndengu, na leo nisingekuwa na haya ya kueleza.

Mimi ni Nyamai. Nimepuliza paipu miaka thelathini na moja, ishirini na miwili kati ya hiyo katika bendi ya serikali, soksi ndefu hadi magotini kwenye jua la sikukuu, mpaka nikastaafu nikarudi nyumbani Kyuso. Nikakuta kanisa letu lina paipu sita zilizoachwa na wazungu wa misheni, zimelala stoo chini ya magunia ya mbegu. Nikazifufua. Mifuko ilikuwa imepasuka kwa joto, nikashona mingine ya ngozi ya mbuzi, nikaipaka asali ndani isivuje upepo. Watu walicheka. Lakini ngozi iliyolishwa asali ya kwetu haitoi pumzi hata ukiikalia. Shida yake ni moja tu, panya. Panya akiinusa ile asali, asubuhi huna mfuko. Kwa hiyo nikaweka amri kwamba hakuna paipu kwenda nyumbani kwa mtu. Zote zinalala kwenye sanduku la bati kanisani, na ufunguo ninao mimi.

Wapigaji wanne niliwafundisha wakafundishika, na wa tano ni mimi mwenyewe. Musyimi ndiye alikuwa wa sita. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole hadi anakera. Paipu inataka mambo matatu kwa mara moja: upulize, uminye mfuko kwa kiwiko, na vidole vitembee kwenye mwanzi, ile filimbi ya chini yenye matundu. Musyimi akikumbuka kupuliza anasahau kuminya, na akikumbuka kuminya vidole vimeshaachwa nyuma. Kila noti aliifikia wenzake wakiwa wameshaihama. Nilimwita Bwana Kesho. Wenzake wakacheka, na yeye pia akacheka, na nilimchukia zaidi kwa kule kucheka.

Sasa ningefanyaje? Nikimwacha, tunabaki watano. Nikimpeleka, anatuaibisha. Nikafanya vile mabendi hufanya na hayasemi. Paipu inalia kwa sababu ya ridi, kile kipande kidogo cha tete kilichofungwa kwa uzi kichwani mwa mwanzi, hakizidi kidole cha mwisho cha mtoto. Ukiitoa ridi, ukaziba tundu lake kwa kipande cha gunzi la mahindi, ukaziba na yale mabomba matatu ya begani, mfuko unabaki umejaa. Mtu anatembea amefura mashavu, vidole vinacheza, na sauti hakuna. Sisi tunaita kwenda bubu. Debe tupu huvuma, lakini paipu iliyozibwa haivumi. Musyimi alienda bubu miaka minne, na watu wakampigia makofi sawa na wengine. Alikubali mwenyewe. Aliniambia, “Sawa mwalimu, bora bendi iende.”

Na bendi ilienda, tukashindwa. Kila mwaka Malili wanatushinda. Bendi yao iko mikononi mwa Kang'ethe, muuzaji wa mabati na misumari pale kando ya barabara ya Mombasa, ambaye wazazi wake walihamia hapo kutoka Nyeri. Mtu mzuri, sina ubaya naye, na hilo ndilo linaniuma. Kila akichukua kombe anakuja kunisalimia kwa mikono miwili na kuniuliza habari za mvua.

Basi mwaka jana, mwezi wa tano, Musyimi akanijia kanisani kabla ya mazoezi. Alivua kofia, akaizungusha mkononi, nikajua kuna jambo.

“Mwalimu, ni juu ya mwaitu.”

Mwaitu ni mama yake, Kaveke. Mama huyo alipopofuka alichukuliwa na binti yake, Ndunge, wakakaa Kiboko, mbali huko barabara ya Mombasa, na tangu hapo hajarudi Kyuso. Musyimi akanieleza kwamba sasa moyo wake umevimba, na daktari amewaambia wasipange mambo ya mbali.

“Miaka hii yote namwambia napiga paipu,” akasema. “Hajawahi kunisikia hata siku moja. Wewe hukubali paipu ziende nyumbani, sembuse Kiboko. Lakini mashindano ya mwezi wa nane ni Malili. Ndunge atamleta. Nataka siku hiyo unifungulie, nipige.”

“Na miaka minne mbona hukusema?”

“Hao wengine wana macho, mwalimu. Mtu wa macho namdanganya kwa mashavu. Mwaitu ana masikio tu. Nikikosekana masikioni mwake, nimekosekana kabisa.”

Nikamwambia hiyo ni hatari, tuna kombe la kutafuta. Hakubisha. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kanisani, kwamba kama haiwezekani basi siku hiyo hatasimama na bendi. Atakaa na mama yake kwenye kiti amwambie ukweli, kwamba yeye ni mtu wa kubeba ngozi ya mbuzi. Unaona mtu mpole anavyoweza kukukaba koo. Bila yeye sisi ni watano. Nikamshika bega, nikamwambia, “Musyimi, nakuahidi. Utapiga.”

Siku ile ile, nilipofika nyumbani, nikachukua kisu na gunzi, nikakata vipande vinne. Sitajificha. Nimesema nitaeleza, naeleza.

Musyimi akaanza kuja mazoezi kabla ya kila mtu. Jua la saa tisa, jasho linamtiririka, anarudia mstari mmoja mara hamsini. Mke wangu alikuwa akiniuliza, huyo hana shamba? Mwezi wa saba vidole vilianza kumfuata. Wiki ya mwisho nilisimama nje ya dirisha la kanisa, hakujua niko, nikamsikia akipiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, bila kukosa. Sitasema alipiga vibaya. Alipiga vizuri. Kuna kitu kilinipanda kifuani, na haikuwa furaha. Nilikuwa nimemwita Bwana Kesho mbele ya watu miaka minne. Akisimama Malili akapiga hivyo, mimi ni nani? Mwalimu aliyemziba mtu badala ya kumfundisha. Nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Malili siku ya mashindano ina upepo na vumbi, na malori ya Mombasa yananguruma ng'ambo ya ua. Tulifika saa nne, bendi sita, kila moja kwenye kivuli chake. Jaji alikuwa Bi. Gakenia, mama mstaafu wa bendi ya askari, mkali, miwani puani na kalamu mkononi. Watu wa Kyuso waliokuja na lori walijipanga nyuma ya kamba. Na hapo kwenye kamba, mbele kabisa, wakamkalisha mwaitu Kaveke kwenye kiti cha plastiki, leso mpya kichwani na blanketi magotini japo ni jua. Ndunge amesimama nyuma yake amemshika mabega. Yule mama alikuwa amegeuza shingo, sikio moja limeelekea uwanjani, na hakuligeuza hata alipokuwa akisalimiwa.

Musyimi alienda akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa Kikamba kwamba atasimama upande huu huu, karibu naye. Mama akampapasa uso, akaipapasa na ile paipu, akanusa mfuko, akacheka kwamba mwanawe ananuka mzinga wa nyuki.

Tukaitwa. Tukajipanga kwenye mstari wa kuingia. Ni desturi yangu kupita nikisikiliza paipu moja moja kabla hatujaingia, na Musyimi huwa namweka mwisho. Nilipomfikia nikamwambia, “Lete.” Akanipa kwa mikono miwili, akidhani namwekea sauti sawa. Nikachomoa ridi, nikaitia mfuko wa shati. Nikatoa magunzi yangu manne, nikaziba moja, mbili, tatu, nne. Mkono ulikuwa umezoea, haikunichukua dakika.

Aliangalia mikono yangu, si uso.

“Mwalimu. Uliniahidi.”

“Nilikuahidi utaingia uwanjani. Si huu hapa?”

“Mwaitu yuko pale.”

“Mwaitu atasikia paipu tano aseme ni sita. Masikio hayahesabu. Nani atamwambia?”

“Mwalimu, mimi naweza sasa. Umenisikia naweza.”

Alisema umenisikia. Kumbe alijua nilikuwa dirishani. Hapo hasira ikanishika kabisa, nikamsogelea nikamwambia polepole, “Toka basi. Toka kwenye mstari, turudi nyumbani watano, na mama yako asikie Kyuso ikifukuzwa uwanjani kwa sababu yako. Hicho ndicho alichotoka Kiboko kusikiliza.”

Wale wanne wengine walisikia kila neno. Mmoja alifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa kila mmoja anajua magunzi yapo mengi. Musyimi akaweka paipu begani, akapuliza ikajaa.

Tukaingia. Bendi ya paipu ikifika katikati hufanya duara, nyuso ndani, migongo kwa watu, na jaji huzunguka nje akisikiliza mgongo kwa mgongo. Kwa hiyo mtu wa nje haoni nani amefanya nini. Sisi wa ndani tunaonana. Musyimi alikuwa ameelekeana na mimi, mama yake nyuma yake hatua kama kumi.

Tulipiga vizuri. Lazima niseme, hatujawahi kupiga vile. Ngoma zilikaa, upepo ukatulia, nikajua kombe ni letu. Bi. Gakenia alizunguka akaandika, alipofika mgongoni kwa Musyimi akapunguza mwendo, kisha akapita. Nikamtazama Musyimi nione kama anatingishika. Machozi yalikuwa yanamshuka juu ya mashavu yaliyofura, yakiingia mdomoni kwenye mrija. Na vidole vyake, nilivisoma kama mtu anavyosoma gazeti. Kila noti alikuwa hapo. Mbele yangu kabisa alipiga wimbo wote bila kosa hata moja, na hakuna aliyemsikia ila mimi, kwa macho.

Sasa kwenye paipu mwisho ndio mtihani. Ukimaliza, wote mnaondoa kiwiko kwenye mfuko kwa pamoja, sauti inakatika kama imekatwa kwa panga. Mmoja akichelewa, paipu yake inabaki ikilia peke yake, na hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Wanafunzi nawafundisha siku ya kwanza. Ile noti ya mwisho nilikuwa bado naangalia vidole vya Musyimi. Wote wakakata. Mimi kiwiko changu nikakisahau.

Bomba langu kubwa likabaki likinguruma peke yake uwanja mzima. Nilipokumbuka kuachia likapanda juu, likalia kama ndama aliyeachwa nje ya boma, likafa. Ilikuwa kama sekunde tatu. Bi. Gakenia alikuwa upande wa ngoma, aligeuka, hakuona ni nani, akaandika tu.

Malili tisini na moja, Kyuso tisini. Alisoma mwenyewe kwenye kipaza sauti kwamba Kyuso wamepoteza pointi tatu kwa sauti iliyobaki mwishoni. Kang'ethe akaja kunisalimia kwa mikono miwili, akaniuliza habari za mvua.

Mchungaji wetu, Kisilu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya bendi, na ana hasira za karibu. Akatukusanya pale pale kando ya kamba, akauliza nani amebaki akilia. Akauliza mara ya pili. Na nikamwona Ndunge anamleta mama yake polepole, wanakuja hadi tuliposimama. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, “Ni Musyimi.”

Wale wanne waliangalia chini. Mchungaji akamgeukia. Musyimi alikuwa bado ameshika paipu, na mkono wake ukaenda kwenye mwanzi. Angeuchomoa tu. Angeuchomoa, gunzi lingeonekana, kila mtu angejua kwamba paipu hiyo haikulia siku nzima, na mimi ningekuwa nimekwisha. Nilikuwa na ridi yake kifuani, na niliisikia ikinichoma shati. Vidole vyake vilishaushika ule mwanzi, vikaanza kuuzungusha.

Mama yake akauliza, “Musyimi, ni wewe ulikuwa ule wa mwisho?”

Mkono ukasimama. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata na mke wangu. Kisha akamgeukia mama yake.

“Ni mimi, mwaitu.”

Yule mama akanyoosha mikono akimtafuta, akamshika masikio yote mawili kama mtoto mdogo. “Nilikusikia,” akasema. “Wengine wote walinyamaza, wewe ukabaki. Nikamwambia Ndunge, huyo ndiye wangu.” Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwenye macho yasiyoona. Mchungaji alisubiri amalize, kisha akamwambia Musyimi mbele ya wote kwamba ameliangusha kanisa, na kwamba kamati itakaa.

Kamati ilikaa usiku ule ule tuliporudi kanisani, paipu hazijaingia sandukuni. Mimi nilikuwemo. Musyimi akatolewa kwenye bendi. Mchungaji akaniuliza kama nina la kusema, nikasema sina. Akaitaka paipu irudi kamili, Musyimi akaiweka mezani, magunzi alishayatoa. Mchungaji akachungulia kwenye mwanzi akauliza ridi iko wapi. Musyimi akasema ilimwanguka Malili. Akakemewa na kwa hilo pia. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, na sikusema.

Mwezi wa pili mwaka huu mwaitu Kaveke akafariki, akaletwa Kyuso kuzikwa. Nilienda, ningekosaje. Ndunge alisoma maisha ya marehemu. Akasoma mwaka aliozaliwa, mwaka aliookoka, watoto, wajukuu. Halafu akaacha karatasi. Akasema mama alirudi Kiboko kutoka Malili akiwa mtu mwingine. Kila mgeni alisimuliwa jinsi mwanawe alivyobaki akipiga peke yake uwanja mzima wakati wenzake wamechoka. Hata ile wiki ya mwisho, chakula kimemshinda, alikuwa akiiga ile sauti kwa mdomo. Ndunge akaiiga. Ilikuwa yangu kabisa, ule mngurumo, kile kilio cha kupanda. Watu walilia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mwezi wa sita barua ya mashindano ikaja. Nikahesabu watu, watano. Kumfundisha mtu mpya ni miaka miwili, na mwenye kuweza yupo mmoja tu. Nikaenda kwake.

Nilimkuta akipura ndengu kwa fimbo juu ya turubai. Alinipa kigoda, akaniitishia maji. Sikuzunguka. Nikatoa ridi kwenye karatasi niliyoifungia, nikaiweka juu ya kiganja, nikamnyooshea.

“Musyimi, hii ni yako. Nimesema na mchungaji, utarudi. Safari hii hakuna gunzi. Utasimama mbele yangu upige mwanzo hadi mwisho, watu wakusikie.”

Aliitazama, hakuigusa. “Watu gani?” akauliza.

“Watu wote. Malili yote.”

“Kaa nayo, mwalimu. Aliyekuwa anisikie ameshanisikia.”

Na mimi, sijui ni nini kilinipata, miezi kumi ilinipanda kooni. Nikainuka kwenye kigoda nikapiga kelele pale kwake, mke wake akatoka jikoni. Nikamwambia yule mama hakumsikia yeye. Nikamwambia ile sauti ilikuwa yangu, kiwiko changu, bomba langu, na yeye alikuwa bubu na gunzi ndani. Ndivyo nilivyoungama, kwa matusi.

Musyimi alingoja nipumue. Alikuwa na ile sauti yake ya kanisani.

“Najua ilikuwa yako, mwalimu. Lakini mwaitu amezikwa nayo ikiwa yangu.”

Akachukua fimbo akaendelea kupura. Mwaka huu Kyuso haikwenda Malili.